Masafa baina ya Rau na Unguja

Mtu akiweka rula juu ya ramani, kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hadi uwanja wa Kisauni ulioko Unguja, atapata kiasi cha kilomita 390 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya pangaboi huzimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Hesabu hiyo ni sahihi, na kwa rubani inatosha. Lakini ni hesabu ya baina ya lami na lami, na juu ya lami hizo mbili hakuna anayeishi. Anayetoka Rau, nje kidogo ya mji wa Moshi, kwenda kumwangalia nduguye Kikwajuni, safari yake imekwisha anza muda mrefu kabla ya ndege kuruka, na haimaliziki pale ndege inapotua. Suala lake hasa si kilomita ngapi, ni kama atawahi. Na kuwahi huko, au kukosa kuwahi, kumebeba sehemu kubwa ya historia ya njia hii kuliko idadi yoyote ya kilomita.

Rau ni jina la kata na ni jina la mto. Kata iko kaskazini-mashariki ya mji, kwenye barabara ipandayo Uru. Mto hushuka kutoka mlimani, ukapita ukingoni mwa mji, ukaingia katika msitu wa Rau, msitu wa chemchemi uliosalia katikati ya mashamba na nyumba, kisha ukaelekea kusini kwenye tambarare zinazolimwa mpunga kwa maji yake, huko Rau ya Kati na Chekereni. Chini zaidi maji hayo huingia mto Ruvu (si ule wa Bagamoyo, bali jina lake tu). Ruvu hukutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachotoka hapo ndicho mto Pangani. Pangani huteremka, milima ya Pare na Usambara ikiwa kushoto kwake na nyika ya Wamaasai kulia, ukapita Korogwe na Hale, hata ukamwagika baharini kwenye mji wenye jina lake. Kutoka mlango huo wa mto mpaka Nungwi ni kiasi cha kilomita 50 za bahari. Basi kabla ya reli na kabla ya lami, Rau na Unguja zilikuwa zimekwisha unganishwa na kitu kimoja kisichopumzika.

Anayeitazama ramani kwa makini ataona jambo jingine. Mstari wa ndege, ule ulionyooka, unakaribia mno kulifuata bonde hilohilo. Same, Mombo na Korogwe haziko mbali nao, na pwani unaikuta kusini kidogo ya Pangani. Misafara ya karne ya 19 nayo ilipanda kwa bonde hilo, na sababu yake haikuwa jiometri bali maji. Mpagazi mwenye mzigo wa frasila mbili kichwani, yaani kilo 30 na ushei, haendi palipo karibu. Huenda palipo na kisima. Njia nyingine zilikuwapo. Iliyotoka Tanga ilizunguka nyuma ya Usambara. Iliyotoka Mombasa ilivuka nyika ya Taru, ikapita Taita na kufika Taveta, soko la msituni ambako kila msafara ulipumua kabla ya kuingia Uchaga. Juu kulipelekwa nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Chini kuliletwa pembe za ndovu, na kuliletwa watu waliofungwa minyororo, ambao wao kilomita hizo walizihesabu kwa namna isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote. Wengi waliofika Unguja kwa njia hiyo hawakupata tena kuuona mlima, na masafa yao hayana kipimo.

Lugha yenyewe imehifadhi mwendo wa misafara ile, hata mahali ambapo mwenye kuisema hafikirii. Kutua, asili yake, ni kuuweka mzigo chini. Kituo ni pale wapagazi walipotua. Ndege wa angani hutua juu ya tawi, na eropleni ilipokuja haikuhitaji neno jipya. Ilikaribishwa katika neno la mpagazi. Kubwaga ni kuutupa mzigo kwa aliyechoka, asiyejali unaangukaje. Na wapenzi wa mashairi wanajua kwamba mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, na ule unaorudiwa ubeti kwa ubeti huitwa kibwagizo. Mshairi basi naye ni mpagazi: hubeba maana kwa mizani aliyojiwekea, akafika mwisho wa ubeti akaitua, akapumzika kidogo, akajitwika tena. Ni ajabu ndogo kwamba abiria anayeteremka ngazi za ndege pale Kisauni na msomaji anayefika ukomo wa ubeti hutajiwa tendo moja.

Siku za safari ya miguu zinajulikana kwa baadhi ya misafara kwa sababu wenye kuziandika walikuwamo. Johannes Rebmann, mmishonari wa Kijerumani aliyetumwa na Waingereza, aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, tarehe 27 Aprili 1848. Silaha yake ilikuwa mwavuli. Kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za misafara. Tarehe 11 Mei aliuona weupe juu ya mlima. Siku 14, basi, kutoka harufu ya bahari hadi kuitia machoni theluji. Na kufika kwenyewe kulikuwa bado. Khabari hiyo ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, aliikanusha kwa miaka mingi. Bwana Kheri hakuwa na haja ya ubishi huo, kwani kwake mlima ule ulikuwa mwisho wa njia aliyoifahamu. Inastahili kukumbukwa kwamba katika vitabu vingi vya "uvumbuzi" yeye hupata mstari mmoja, ilhali pasipo yeye Rebmann asingejua hata kijito cha kwanza cha kunywa.

Mwaka 1885 siku hizo za kutembea zikawa suala la dola. Sayyid Barghash alikuwa akidai kwamba mamlaka yake yanafika Kilimanjaro, na Wajerumani wa kampuni ya Carl Peters walikuwa wamekwisha anza kukusanya mikataba bara. Sayyid akamtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa majeshi yake, apande haraka pamoja na askari. Mathews aliwahi. Mwishoni mwa Mei 1885 wakuu wa Kichaga, akiwamo Rindi wa Moshi ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, walikuwa wameikubali bendera nyekundu ya Unguja. Rindi alikisema Kiswahili vizuri, na wageni wote waliomtembelea walilishuhudia hilo. Hakuhitaji mkalimani ili kuelewa ni nini kinachotakiwa kwake. Majuma machache baadaye, mwezi Juni, akafika Karl Jühlke kwa niaba ya Wajerumani, na Rindi akaweka alama yake kwenye karatasi ya Jühlke vilevile.

Wapo waliomlaumu Rindi kwa ndimi mbili. Lawama hiyo haimfai. Mtawala aliyeko mwendo wa majuma mawili kutoka baharini, asiyejua ni nani kati ya wageni wake atakayerudi na ni nani hatarudi, hana busara iliyo kubwa kuliko kuzipokea bendera zote. Kilichoamua hakikuwa karatasi ya nani ilitangulia. Tangu mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ulikuwa umeiunganisha Unguja na Aden, na kupitia Aden na Ulaya. Habari ya Unguja iliweza kufika Berlin na London upesi kuliko habari ya Moshi kuifikia Unguja. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilikuja kusimama mbele ya Forodhani, mizinga ikielekea kasri, na Barghash akalazimika kukubali. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilipatana. Sayyid akaachiwa ukanda wa maili 10 wa pwani ya bara, na mlima ukaangukia upande wa Wajerumani. Mpaka uliochorwa siku zile bado unapinda kuuzunguka mlima hata leo. Kisa kinachosimuliwa mara kwa mara, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, ni hadithi tamu tu: mapatano yalikuwa ya 1886, na Wilhelm alipata ufalme 1888.

Askari wa Mathews waliwahi kwa miguu wakashindwa kwa waya na mizinga. Hapo ndipo masafa baina ya Unguja na Moshi yalipobadilika kwa mara ya kwanza, na yalibadilika pasina mtu yeyote kutembea haraka zaidi.

Njia ya Pangani yenyewe haikuchelewa kufungwa. Hans Meyer, tajiri wa Leipzig aliyetaka kuwa wa kwanza kileleni, alikamatwa mwaka 1888 na watu wa Bushiri bin Salim, vita vya pwani vilipokuwa vimewaka. Aliachiliwa kwa fidia. Vita hivyo ndivyo alivyovitungia Hemedi bin Abdallah el-Buhriy utenzi wake wa Wadachi kuitamalaki Mrima. Mwaka 1889 Meyer alirudi, safari hii akapita Mombasa na Taveta, akafika Marangu kwa Mareale. Tarehe 6 Oktoba yeye na Ludwig Purtscheller wakasimama juu ya Kibo. Kambini juu, kwenye baridi ambayo pwani haina jina lake, aliyewangoja, akawawashia moto na kuwapikia alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Huyu ndiye aliyeimaliza njia nzima ya maji ya mto ule, kutoka mlangoni hadi karibu na chanzo, na hakuna mnara uliojengwa kwa jina lake.

Reli ilianza Tanga mwaka 1893 na ikajivuta polepole mno. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na Moshi 1911, kilomita 352 kwa miaka 18. Mtu angeweza kutembea na kurudi mara mia mbili kwa muda huo. Ilipofika lakini iliyaua majuma yakawa saa, na ilifanya jambo ambalo misafara haikulifanya: iliuhamisha mji. Moshi ya Rindi ilikuwa juu, migombani. Gari-moshi halikuweza kupanda huko, nalo likatua chini kwenye uwanda wa joto, na mji mpya ukaota kandokando ya stesheni. Ule wa zamani ukabaki kuitwa Moshi ya Kale. Hii ikawa kanuni, na ilijirudia: kila chombo kipya kilipoipunguza safari, kilihamisha mahali pa kutua, kikapaweka mbali kidogo zaidi na milango ya watu.

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Waingereza waliunganisha reli hiyo na ile ya Mombasa, kupitia Voi, Taveta na Kahe. Mwaka 1929 njia ikafika Arusha. Mwaka 1963 kikakamilika kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, na reli ya Tanga ikashikana na reli ya kati. Katika vitabu vya uchumi hilo huhesabiwa kuwa maendeleo, na ni kweli lilikuwa maendeleo. Kwa Unguja lilikuwa na maana nyingine. Tangu siku hizo, na zaidi baada ya barabara ya lami, njia ya kwenda Moshi ikapinda ikapita Dar es Salaam. Pangani, ambayo kwa karne nzima ilikuwa mlango wa bara ya kaskazini kwa mtu wa kisiwani, ikabaki na nazi zake na magofu yake. Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kilomita 550 na zaidi, na kutoka hapo hadi Unguja zipo nyingine 70 na ushei za bahari. Msafiri wa leo wa basi na boti huenda kilomita zaidi ya 600 ili afike mahali palipo kilomita 390. Saa zimepungua, njia imerefuka. Kati ya vyombo vyote vilivyokuja baada ya misafara, ni ndege peke yake iliyourudia mstari wa zamani.

Ndege haikuanza na mstari huo. Mswisi Walter Mittelholzer alipouruka Kilimanjaro Januari 1930 na kuupiga picha kutoka juu, lilikuwa jambo la kushangaza tu. Miaka miwili baadaye, Januari 1932, shirika la Imperial Airways lilifungua safari ya kutoka London hadi Cape Town, ya siku 11 kwa ratiba, na Moshi ikawa kituo kimojawapo baina ya Nairobi na Dodoma. Hapa historia ilifanya mzaha. Kwa muda huo barua iliyotiwa ndani ya ndege Moshi ilikuwa njiani moja kwa moja kuelekea Cairo, ilhali iliyokuwa ikienda Unguja, kilomita 390 tu, ilipaswa kungoja treni ya Tanga, kisha chombo cha bahari. Unguja ilihudumiwa na ndege nyingine, za Wilson Airways ya Nairobi, zilizoteremka pwani kupitia Mombasa na Tanga. Mlima na kisiwa kila kimoja kilipewa mlango wa anga, na milango hiyo haikutazamana. Mwaka 1937 ndege za majini zilichukua nafasi, zikawa zinatua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Moshi ikaachwa kando ya njia kuu ya dunia kama ilivyopitiwa, bila kuulizwa.

East African Airways ilianza kazi 1946, na ndio mwaka ambao unaweza kusemwa kuwa usafiri wa ndege wa Afrika ya Mashariki ulianza kufikiria Afrika ya Mashariki. Ajali moja ya shirika hilo inaihusu njia hii. Tarehe 18 Mei 1955 ndege yake aina ya DC-3, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iliugonga mlima upande wa Mawenzi. Watu wote 20 waliokuwamo walikufa. Waliopanda juu kuwatafuta walitumia siku kwa miguu kupafikia mahali ambapo ndege ilikuwa imefika kwa saa chache. Mlima, uliokuwa alama ya kuongozea misafara, uliwakumbusha watu wa anga kwamba bado uko palepale, wingu liwepo lisiwepo.

Uwanja wa Kilimanjaro ulifunguliwa Desemba 1971. Kabla yake Moshi ilikuwa na uwanja wake mdogo kando ya mji, na Arusha ilikuwa na wake pale Kisongo. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki yalikuwa Arusha tangu 1967, na watalii walikuwa wakishukia Nairobi na kuletwa kwa barabara. Serikali ilitaka uwanja ambao ndege za Ulaya zingeweza kutua bila kupitia Kenya, basi ukajengwa kwenye uwanda wa Sanya, katikati ya miji miwili ili pasiwe na mji wa kununa. Njia yake ya kurukia ina urefu wa meta 3,600. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa ramani, na kwa watu umekuwa usumbufu wa sawasawa: Moshi wanalalamika uko mbali, na Arusha vilevile. Jumuiya ilivunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na katika miaka hiyo uwanja ulithibitisha kwa nini ulijengwa, ingawa abiria waliotarajiwa hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Na vijiji vya Hai na Arumeru vinavyoupakana vilikaa miaka mingi katika mgogoro wa ardhi, kwani eneo lililotengwa kwa ajili ya ndege ni kubwa, na ng'ombe hawasomi hati.

Umbali kati ya uwanja huo na wa Kisongo ni kilomita 50 hivi. Kwa gari ni safari. Kwa jeti ni dakika chache, na ndani ya dakika hizo kosa linaweza kuingia. Tarehe 18 Desemba 2013 ndege kubwa aina ya Boeing 767 ya shirika la Ethiopia, iliyotoka Addis Ababa kuja Kilimanjaro, ilitua Kisongo. Njia ya kurukia ya Kisongo wakati huo ilikuwa na meta 1,600 na kidogo, haifiki nusu ya ile iliyokusudiwa. Ndege ilisimama ikiwa imekwisha ingia majanini. Zaidi ya watu 200 walikuwamo, hakuna aliyeumia, lakini walikaa ndani kwa saa kadhaa kwa sababu uwanja ule haukuwa na ngazi za kufikia milango iliyo juu kiasi kile. Kutua walikuwa wametua. Kushuka ndiko kulikoshindikana. Msafara wa Bwana Kheri usingeweza kukosea hivyo, kwani mtu anayekwenda kwa miguu huuliza njia kila kijiji, na kila kijiji humsahihisha.

Turudi kwa mtu wa Rau. Tuseme ana tiketi ya ndege ya kwenda Unguja, nayo imeandikwa saa 07:00. Akiisoma kwa saa za tiketi ni saa moja asubuhi. Akiisoma kwa pupa, kama tarakimu za saa ya nyumbani, atajiandaa kwa saa saba, na ndege itakuwa imekwisha fika Unguja na kugeuza. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua lichomozapo, kama ilivyokuwa kwa msafara uliojitwika mizigo alfajiri, na saa ya viwanja huanza usiku wa manane ambapo hakuna anayejitwika kitu. Akiisha pata tafsiri sahihi, mtu huyu huamka saa tisa au kumi za usiku. Hushuka mjini, akavuka madaraja ya Weruweru na Kikafu, akapita Kwa Sadala na Boma Ng'ombe, akakata kushoto kuelekea uwanjani. Hiyo ni karibu saa nzima ya gari, kwa masafa ya kilomita arubaini na kitu. Kisha huwekwa kwenye mizani, yeye na mfuko wake: kilo 23 huruhusiwa katika ndege nyingi, 15 katika zile ndogo. Mpagazi wa sasa wa mlimani huruhusiwa kubeba 20. Frasila mbili za babu zao leo zingelipishwa faini.

Angani, kama hakuna wingu, ataona kwa saa moja yote yaliyomgharimu mpagazi majuma: Nyumba ya Mungu iking'aa, mgongo wa Pare, mkonge wa Korogwe, mto unaopotea na kutokea tena. Hatajua jina la kijiji hata kimoja. Wapagazi waliyajua yote, kwa sababu katika kila jina walilala. Kiswahili chenyewe kilipanda bara kwa mwendo huo wa kulala njiani. Kilihitaji jioni nyingi, moto mwingi na watu wa kuulizana habari. Hakuna lugha iliyopata kusambaa kwa ndege inayopita juu. Hata hivyo asidanganyike mtu kuitamani safari ile ya zamani, kwani wengi walioijua vizuri zaidi hawakuichagua.

Pale ambapo saa hizi hupimwa kwa ukali kuliko popote ni kwenye msiba. Mchaga akifa mbali, desturi ni kumrudisha akazikwe kihambani, nyumbani kwao mlimani, na siku hungojwa mpaka jeneza lifike. Muislamu wa pwani, na wapo Waislamu wengi katika koo za Kichaga vilevile, huzikwa upesi iwezekanavyo. Aliyefia Unguja alfajiri aghlabu yuko kaburini kabla ya jua kuzama. Familia iliyogawanyika baina ya Rau na Unguja inaishi ndani ya saa mbili zisizolingana. Kwa jeneza lipandalo mlimani barabara inatosha, kwani huko watu husubiri. Kwa aliyeko mlimani anayetaka kutia mkono wa udongo Unguja, hakuna anayemsubiri. Ndege ipo, lakini si kila siku ina nafasi, na nauli yake si ya kila mfuko. Na kwa miaka takriban 30 mabasi yalipigwa marufuku kusafiri usiku. Basi lililotoka Moshi asubuhi lilifika Dar es Salaam jioni, mara nyingi boti ya mwisho ikiwa imekwisha ondoka, na msafiri akalala mjini huku akijua kwamba ng'ambo ya maji wamekwisha maliza.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kwenda usiku. Anayepata habari ya kifo magharibi, akiwa Rau, anaweza kupanda basi baada ya Isha, akapita gizani Same, Mombo na Korogwe, akawa bandarini Dar es Salaam kabla ya boti ya asubuhi. Kama bahari ni tulivu na basi halikuharibika, saa nne atakuwa Malindi, na kama maziko yamewekwa baada ya adhuhuri, atawahi.